Skani imeonyesha mtoto ana ulemavu: uanze na hospitali, wazazi wenzako au watu wa nyumbani?

Jibu likishatoka, nyumba hugawanyika. Mume anataka warudi kwa daktari kesho asubuhi. Dada anataka apigiwe simu yule mama wa Kisauni mwenye mtoto kama huyo. Mavyaa naye keshaanza kuuliza mbona mkaza mwanawe hali chakula. Kila mmoja ana hoja yake, lakini wiki za mimba hazingoji. Familia nyingi huishia kumuuliza imamu habari za moyo wa mtoto na kumuuliza daktari jinsi ya kumwambia mavyaa, na wakatoka kote kuwili mikono mitupu.

Milango ya msaada kwa familia ya Mombasa ni mitatu: wataalamu wa hospitali, wazazi wenye mtoto wa hali hiyo hiyo, na watu wa nyumbani pamoja na viongozi wa dini. Tutazungumzia zaidi sindromu ya Down, yaani mtoto kuwa na kromosomu moja ya ziada, na mgongo wazi (spina bifida) unaoandamana na maji kichwani, kwa kuwa hizi zinaweza kugunduliwa kabla ya kujifungua. Usonji hauonekani kwenye skani. Mtindio wa ubongo nao kwa kawaida hujulikana mtoto akiwa keshazaliwa na anakua. Ukiambiwa skani imeonyesha usonji, omba maneno hayo yaandikwe na yatiwe sahihi, kisha mpelekee daktari mwingine.

Mizani tutakayotumia

Kila mlango tutauliza mambo sita: unajibu swali gani, unakupa muda kiasi gani, unatunza siri vipi, unagharimu nini pamoja na safari, unaharibikia wapi, na unamfaa nani. Hatuulizi nani anakupenda zaidi. Mama yako anakupenda kuliko daktari yeyote, na bado hajui kusoma ripoti ya kromosomu.

Mlango wa kwanza: daktari na mshauri wa hospitali

*Unajibu swali gani.* Mtoto ana nini, tuna uhakika kiasi gani, na kifanyike nini lini. Hapa ndipo pa kuanzia ikiwa karatasi uliyopewa haijaeleweka, na mara nyingi haieleweki. Weka kidole juu ya jibu, umuulize daktari: hiki ni kipimo cha kuchuja, kinachokadiria hatari tu, au cha kuthibitisha, kinachotoa jibu la uhakika? Skani ya shingo ya mtoto ya wiki 11 hadi 13 ni ya kuchuja. Kipimo cha damu ya mama kinachosoma vinasaba vya mtoto, ambacho hufanyika kuanzia wiki ya 10, nacho ni cha kuchuja, hata kama kimegharimu pesa nyingi na damu imesafirishwa nje ya nchi. Vinavyothibitisha ni viwili: kuchukua kipande kidogo cha kondo, kwa kawaida kati ya wiki 11 na 14, au kuvuta maji ya uzazi kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano hiyo ni chini ya 1 kwa 100. Mama mwenye kundi la damu hasi ataje hilo mapema, kwa sababu atahitaji sindano ya kinga baada yake.

Tuchukue namba mbili zinazowachanganya watu. Ripoti ikisema "hatari kubwa, 1:150", maana yake ni kwamba kati ya wajawazito 150 wenye jibu kama lako, mmoja amebeba mtoto mwenye hali hiyo na 149 hawana. Wengi husoma "hatari kubwa" wakaishia hapo, wakatoka wanalia hadi kituo cha matatu.

Namba ya pili ni ile "asilimia 99" ya kipimo cha damu. Chukua wajawazito 12,500 wenye miaka 25. Katika umri huo, takriban mimba 1 kati ya 1,250 huwa na sindromu ya Down, kwa hiyo kumi ndio waliobeba. Kipimo kitawataja karibu wote kumi. Lakini kikikosea mara 1 tu katika kila mimba 1,000 zisizo na shida, kitawataja na wengine 12 wasio na chochote. Yaani kati ya 22 walioambiwa "ndiyo", zaidi ya nusu wameambiwa uongo. Rudia hesabu hiyo kwa wenye miaka 40, ambapo ni takriban 1 kati ya 100: waliobeba ni 125, na waliotajwa kimakosa ni wale wale 12. Kipimo ni kimoja na karatasi inafanana, ila uzito wa jibu ni tofauti kabisa. Mshauri mzuri atakufanyia hesabu hii mbele yako kwa kalamu. Asipoifanya, muombe.

Kwa maji kichwani, namba ya kuuliza ni upana wa chemba za ubongo kwa milimita. Chini ya 10 ni kawaida. Kati ya 10 na 12, vitu vingine vyote vikiwa sawa, watoto wengi hutoka salama, ila skani hurudiwa. Zaidi ya 15 ni jambo zito. Doa jeupe moyoni au kijifuko kidogo cha maji ubongoni, likionekana peke yake, si ugonjwa, na mara nyingi halina maana yoyote.

*Muda.* Huu ndio udhaifu mkubwa. Kliniki ya serikali asubuhi ya Jumatatu ina foleni mpaka nje ya mlango, na dakika kumi ni bahati. Mpiga skani naye si mtu wa kukueleza maisha ya mtoto; kazi yake ni kupima na kuandika. Usijaribu kumaliza kila kitu siku ya habari. Omba miadi ya pili ndani ya siku tatu nne, chumba chenye mlango unaofungwa, dakika 45, na uje na mtu mmoja wa kuandika. Akili iliyopigwa na habari haishiki nusu ya inachosikia. Si ujinga huo, ni mwili tu.

*Siri.* Kwa sheria, iko imara: habari zako haziruhusiwi kutoka bila idhini. Kiutendaji, angalia mlango na pazia. Ukiitwa kwa jina na jibu lako likatangazwa mbele ya benchi, una haki ya kusema "naomba tuzungumze ndani".

*Gharama na safari.* Coast General, ambayo wengi bado wanaiita Makadara, ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti na pwani yote. Upande wa binafsi kuna Aga Khan, Mombasa Hospital na Pandya. Washauri waliosomea jenetiki hasa ni wachache mno nchini, hivyo mtu utakayekaa naye yaelekea atakuwa daktari bingwa wa uzazi, daktari wa watoto au nesi mshauri, na vipimo vingine vitakupeleka Nairobi. Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Lipa sasa, wakati mimba ingali changa, kisha uulize dirishani kwa maandishi ni huduma zipi zinalipiwa kwa mtoto mchanga aliyelazwa. Kujua hilo usiku wa kujifungua ni kuchelewa.

*Unaharibikia wapi.* Kwenye maneno. Daktari anaweza kukusomea orodha ya maradhi bila kukwambia hata mara moja kwamba watoto hawa hucheka, huenda skuli na hugombania rimoti. Wengine huchomeka maoni yao ndani ya ushauri, upande huu au ule. Alama ya ushauri ulionyooka ni kwamba ukitoka nje hujui yeye mwenyewe angefanya nini. Kuhusu sheria, Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), hairuhusu kutoa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ulemavu wa mtoto peke yake haumo katika maneno hayo. Mshauri akueleze hivyo waziwazi, bila vitisho.

*Unamfaa nani.* Aliye na karatasi asiyoielewa, aliye kwenye wiki ambazo kipimo cha kuthibitisha bado kinawezekana, na yeyote ambaye mtoto wake atahitaji upasuaji mara tu akizaliwa.

Mlango wa pili: wazazi wenye mtoto wa hali hiyo

*Unajibu swali gani.* Siku ya kawaida ikoje. Daktari atakwambia mtoto mwenye sindromu ya Down huzaliwa na misuli legevu na huenda akanyonya kwa shida. Mama aliyepita huko atakaa kwenye mkeka akuonyeshe: kiganja chini ya titi, vidole vitatu vya mwisho vinalibeba, kidole gumba na cha shahada vinatoka mbele na kutengeneza herufi U, na kidevu cha mtoto kinakaa ndani ya U hiyo huku mashavu yakishikiliwa taratibu. Taya likitulia, ulimi hupata kazi yake. Atakwambia pia kwamba mtoto huyu hulala sana na halii njaa, kwa hiyo umuamshe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na uhesabu nepi zilizolowa: kuanzia siku ya tano hivi, sita kwa siku au zaidi. Hayo yote yanapatikana kwenye vitabu, ila kitabu hakishiki mkono wako kikausogeza.

Kwa mgongo wazi na maji kichwani, wazazi ndio watakaokufundisha kutambua dalili za kuziba kwa mrija unaowekwa kutoa maji kichwani: utosi kufura, mtoto kutapika, kulala kupita kiasi, macho kuelekea chini kama jua linalozama. Huko hakuna kungoja asubuhi. Watakwambia pia uwe mwangalifu na maputo na glavu za mpira, kwa sababu watoto hawa hupata mzio wa mpira kwa urahisi kuliko wengine.

*Muda.* Mwingi, na saa yoyote. Huyu ndiye mtu wa kupokea ujumbe wako saa nane za usiku.

*Siri.* Ya wastani. Mombasa ni mji wa kujuana, na mama mmoja wa Majengo ana shoga Likoni mwenye dada Changamwe. Anza na familia moja, si kikundi cha watu ishirini. Waambie wanaokuunganisha wasitaje jina lako mpaka wewe ukubali, na picha ya skani isiingie kwenye kundi la simu.

*Gharama na safari.* Nauli tu. Feri ya Likoni haitozi waendao kwa miguu. Kuwapata ndiyo kazi. Uliza kliniki ya watoto na idara ya tiba ya viungo hospitalini, uliza vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vilivyo chini ya wizara ya elimu, na uliza shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, lile lenye karakana za Bombolulu tangu 1969. Kitaifa kuna Down Syndrome Society of Kenya, na kwa mgongo wazi kuna Spina Bifida and Hydrocephalus Association of Kenya.

*Unaharibikia wapi.* Pale hali ya mtoto wao inapochukuliwa kuwa ndiyo ya wako. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na nusu nyingine hawana. Ukikutana na mzazi aliyepoteza mtoto kwa moyo, utatoka umezika. Ukikutana na yule ambaye wake anasoma na kuandika, utatoka na matarajio ambayo huenda yasitimie. Kwa mgongo wazi tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa kila kitu hutegemea pingili ambapo uwazi uko: ukiwa chini kabisa mtoto huenda akatembea, ukiwa juu atahitaji kiti cha magurudumu. Kwa hiyo muulize mzazi kwanza uwazi wa mtoto wake uko wapi. Kuna na wanaouza: vidonge vya kuongeza akili, mafuta ya kunyoosha miguu. Kromosomu ya ziada haiondoki kwa kidonge, na mzazi mwenzako anayeanza na bei hajaja kwa ajili yako.

Mzazi bora wa kukutana naye ana mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Mwenye mtoto wa miezi mitatu naye bado anatafuta miguu yake. Mwenye kijana wa miaka ishirini amesahau wiki za mwanzo. Na kwa mume, tafuta baba. Wanaume wetu hawaulizi mbele ya wake zao, lakini wakiachwa barazani na kahawa wakabaki wawili, maswali hutoka.

*Unamfaa nani.* Aliyekwisha kuwa na jibu la uhakika na ameamua au anaelekea kuendelea na mimba. Ambaye bado yuko kwenye "huenda" asubiri kidogo. Hakuna haja ya kujifunza maisha ya mtoto ambaye pengine si wako.

Mlango wa tatu: watu wa nyumbani na viongozi wa dini

*Unajibu swali gani.* Nani atabeba nini. Nani atakaa na wakubwa mama akilazwa, nani atalipa nauli ya Nairobi, nani atamnyamazisha jirani. Na swali ambalo hospitali haina jibu lake: kwa nini sisi.

Kwa Waislamu kuna na swali la hukumu, nalo lina mtego wa kalenda ambao karibu kila familia huanguka ndani yake. Wanavyuoni wana maoni tofauti kuhusu mimba kabla ya siku 120, na baada ya hapo mambo huwa mazito zaidi. Siku hizo huhesabiwa tangu mimba kutunga. Daktari huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki mbili hivi nyuma. Siku 120 za shekhe ni wiki ya 19 ya daktari. Ukienda na "wiki 18" bila kufafanua, mnaweza kuzungumza saa nzima kila mmoja na kalenda yake. Nenda na ripoti iliyoandikwa, utaje hesabu ni ya nani, na ukiweza mpigie daktari hapo hapo mwanachuoni amuulize mwenyewe. Wakristo wampelekee padri au mchungaji karatasi ile ile. Si haki kumtaka mtu ashauri juu ya kitu alichosikia kwa juu juu. Na jibu la dini halifuti kile kifungu cha Katiba tulichokitaja.

*Muda.* Wote uliopo duniani, wakati mwingine zaidi ya unaoutaka.

*Siri.* Dhaifu. Ukimwambia mmoja hesabu umewaambia saba. Kwa hiyo chagua wa kwanza kwa mdomo wake, si kwa ukaribu wa damu. Kwa wanawake wengi wa mwambao mtu huyo ni somo wake, aliyezoea kufundisha mambo ya ndani na kuyaacha ndani.

*Gharama.* Bure, ila huja na deni la shukrani. Mchango wa familia ni mzuri ukiwa na kiasi na kazi iliyotajwa: nauli, siku tano za kulala, kipimo fulani. Mchango usiotajwa kazi yake huzua maswali baadaye.

*Unaharibikia wapi.* Kwenye lawama, na lawama humwangukia mama. Ataulizwa alikula nini, alipita wapi magharibi, nani alimtia kijicho. Ukweli wa kushikilia ni huu: sindromu ya Down hutokana na kromosomu namba 21 kuwa tatu badala ya mbili, jambo lililothibitishwa mwaka 1959, na kwa takriban 95 kati ya kila 100 ni ajali ya mgawanyiko wa seli ambayo hakuna aliyeisababisha. Kwa asilimia chache kuna aina inayoweza kutoka kwa baba au mama asiye na dalili yoyote. Hiyo hujulikana kwa kipimo cha kromosomu za wazazi, si kwa bao. Mgongo wazi nao hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Asidi ya foliki hupunguza hatari hiyo, miligramu 0.4 kila siku kuanzia mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kubeba mtoto wa hali hiyo hupewa kipimo kikubwa zaidi, miligramu 4 hadi 5, kwa cheti cha daktari. Hilo ni la mimba ijayo, si fimbo ya kumpigia mama wa leo.

Dua, kisomo na kombe havigombani na kliniki. Dawa za kunywa za mitishamba ndizo zinazogombana nayo, hasa zile za "kusafisha tumbo", zinazoweza kuamsha uchungu kabla ya wakati.

Halafu kuna arubaini. Desturi ya mama kukaa ndani siku arubaini ni neema: anakandwa, anapikiwa, analala. Kwa mtoto mwenye tatizo la moyo, utumbo ulioziba au mgongo wazi, inaweza kugeuka mtego ikiwa hakuna aliyepanga mapema nani atampeleka hospitali. Mgongo wazi kwa kawaida hufungwa ndani ya saa 48 hadi 72 tangu kuzaliwa. Kabla ya hapo mtoto hulazwa kifudifudi au ubavu, na uwazi hufunikwa kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, bila mafuta wala unga wala dawa ya nyumbani. Hayo yazungumzwe na mavyaa na bibi mimba ikiwa bado tumboni. Wakielewa sababu, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuita tuktuk.

*Unamfaa nani.* Kila mtu mwishowe, kwa kuwa mtoto ataletwa nyumbani humo. Wa kuanza nao moja kwa moja ni yule ambaye hali ya nyumbani ni tulivu na ana japo mtu mmoja mwenye kifua.

Na simu je?

Makundi ya mtandaoni yanasaidia kupata majina na kuuliza swali la usiku. Hayafai kusoma ripoti yako. Picha za utafutaji huonyesha hali mbaya kuliko zote, kwa sababu ndizo zinazopigwa picha.

Kulingana na hali yako

*Jibu ni la kuchuja tu, na mimba haijafika wiki 18.* Hospitali kwanza, na nyumbani kwa mtu mmoja tu. Jibu kamili la kromosomu kwa maji ya uzazi huchukua wiki mbili tatu, ingawa kuna kipimo cha haraka cha siku chache kwa kromosomu namba 21, 18 na 13. Uliza kama maabara yao inakifanya. Kama hutaki sindano, sema hivyo. Ni haki yako, na skani ya viungo ya wiki 18 hadi 22 pamoja na skani ya moyo wa mtoto zitakupa mengi ya kupangia.

*Jibu ni la uhakika na mnaendelea.* Wazazi wenzenu na hospitali sambamba. Wiki hizi ni za kupanga pa kujifungulia: penye kitengo cha watoto wachanga, oksijeni na daktari wa watoto zamu ya usiku. Kwa mgongo wazi, uliza upasuaji utafanyikia wapi. Hospitali ya Kijabe, upande wa pili wa Nairobi, inafahamika kwa kazi hiyo, na kutoka Mombasa hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Afadhali barua ya rufaa iandikwe mapema ikae kwenye mkoba kuliko kuitafuta na mtoto mkononi.

*Wewe ndiye jamaa, si mzazi.* Usianze na mfano wa mtoto wa fulani. Mama huyu bado ni mjamzito na hongera yake ipo pale pale. Sema utafanya nini na lini: "Alhamisi nitakaa na wakubwa mpaka Magharibi" ina uzito kuliko "ukihitaji chochote niambie". Na maneno zuzu na taahira yatoke nyumbani leo, kabla mwenyewe hajaja kuyasikia.

*Mume yuko melini au Ghuba.* Miadi ya hospitali iwe saa anayoweza kupokea simu, na daktari aombwe kuiweka simu mezani kwa sauti. Habari hii ikipitia midomo mitatu hufika kwake ikiwa ni nyingine kabisa.

*Nyumbani kuna vitisho vya talaka au vipigo.* Mlango wa tatu ufungwe kwanza. Mwambie nesi wa kliniki mkiwa peke yenu, na mengine yote yapitie hapo.

*Hamtaki kuongea na yeyote kwa sasa.* Inakubalika. Hudhuria miadi iliyokwisha kuandikwa, kwa sababu moyo wa mtoto hupimwa ama hali zenu ziwe njema ama mbaya. Mengine yangoje. Namba ya mzazi mmoja iandikeni kwa kalamu nyuma ya kijitabu cha mama na mtoto, ikae huko mpaka siku mtakapoitaka.